Chapa ya Ng'ombe na Chapa ya Mkoba
(Maneno ya hotuba juu ya kazi ya mikoba ya ngozi katika Thika na Ruiru)



Leo nataka kusema nanyi juu ya kazi ambayo wengi wenu mwaijua kwa macho, lakini wachache waijua kwa hesabu. Kazi hiyo ni kushona mikoba ya ngozi kwa mkono na kuiuza kwa jina la yule aliyeitengeneza. Nitasema hasa juu ya Thika na Ruiru, kwa kuwa katika miji hiyo miwili na mashamba yaliyo kandokando yake, karibu kila kitu kinachohitajiwa hupatikana: ng'ombe na mbuzi, viwanda vya kutengeneza ngozi, mafundi, na njia kuu ya kwenda Nairobi.

Nianze na neno lenyewe. Katika biashara, jina au alama inayotiwa juu ya kitu ili mnunuzi apate kujua kimetoka kwa nani huitwa chapa. Mfugaji naye ana chapa yake, yaani chuma cha moto anachompiga ng'ombe. Sisi ambao kazi yetu ni kufasiri maneno hufurahi tukipata neno moja la kufaa mahali pawili, lakini hapa chapa hizi mbili ni maadui. Chapa ya mfugaji ikipigwa ubavuni au mgongoni huharibu sehemu ya ngozi iliyo bora kuliko zote, na fundi aliyetaka kuweka chapa yake mwenyewe mahali hapo hana tena mahali pa kuiweka. Ndiyo maana maofisa wa mifugo tangu zamani wamewashauri wafugaji wapige chapa shavuni au chini mguuni.

Ufundi wa ngozi si jambo geni kwetu. Kabla ya nguo za pamba kuenea, Wakikuyu walivaa ngozi za mbuzi. Ngozi iliwambwa kwa vigingi, ikakwanguliwa nyama na mafuta, kisha ikasuguliwa kwa mafuta ya mbarika mpaka ikalainika. Mama aliyebeba kuni au maji aliyafunga kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Na mkanda ule ulipaswa kuwa imara kweli kweli, maana ukikatika mlimani mzigo wote huenda bondeni. Kule pwani, watu wa Siyu katika kisiwa cha Pate walisifiwa kwa viatu na kazi nyingine za ngozi, na makubadhi yajulikana kila mahali wanapokaa Waswahili. Wamasai hushona shanga juu ya ngozi kwa namna ambayo hakuna mashine iliyoweza kuiiga vizuri.

Hata dawa ya kuitengeneza ngozi tunayo. Mti wa mwati, ambao asili yake ni Australia, uliletwa Kenya kutoka Afrika ya Kusini mwanzoni mwa karne ya 20. Watu wa Kiambu na Murang'a waliupanda kwa wingi, wakauza maganda yake na kuchoma makaa kwa miti yake. Kabla ya Vita Kuu ya Pili kiwanda cha kukamua dawa katika maganda hayo kilikuwa kimekwisha kujengwa Thika. Dawa hiyo huizuia ngozi isioze, nayo huipa rangi ya hudhurungi ambayo huzidi kupendeza kila mwaka mkoba unapotumiwa.

Basi, ikiwa vitu vyote hivi tunavyo, mbona mikoba mingi madukani hutoka ng'ambo? Jambo hili lina sababu nyingi, lakini moja ni kubwa. Sehemu kubwa ya ngozi ya Kenya huuzwa nje ikiwa haijamalizika: imekwisha kutiwa dawa ya kromu, ingali na maji na rangi ya samawati, lakini haijalainishwa wala kupakwa rangi wala kukatwa. Faida ya kazi zinazobaki huenda kwa wengine. Serikali ilitoza ushuru juu ya ngozi mbichi zinazopelekwa nje, na baadaye ushuru huo ukapandishwa hata 80 kwa mia, ili ngozi zibaki nchini. Ushuru huo uliwasaidia wenye viwanda. Lakini ngozi iliyotiwa dawa tu si mkoba, wala ushuru haumfundishi mtu kushona.

Tena kuna hasara inayotokea kabla ya ngozi kufika kiwandani. Kupe huacha makovu. Miiba na nyaya za ua huacha michirizi. Mchinjaji mwenye haraka hutoboa ngozi kwa kisu, kwa sababu yeye hulipwa kwa nyama, na ngozi kwake ni takataka za kazi. Ikiisha kuchunwa, ngozi yataka kutiwa chumvi siku ile ile, au kuwambwa kivulini penye upepo. Ikilazwa juani juu ya ardhi, upande mmoja hukauka kama ubao na upande wa pili huoza kwa ndani, na ubovu huo hauonekani mpaka ngozi itakapoingia katika maji ya kiwanda. Katika miaka ya 1940 na 1950 Idara ya Mifugo ilijitahidi sana kufundisha watu kukausha ngozi katika mabanda ya kivuli. Maneno hayo ni ya zamani, lakini kisu cha mchinjaji bado ni kile kile. Mwenye kutaka kufungua kazi ya mikoba afanye urafiki na watu wa machinjioni. Shilingi chache zaidi kwa kila ngozi isiyo na tundu zitamrudia.

Sasa nitasema jambo ambalo pengine halitawapendeza vijana. Wengi wakisikia habari hizi hutaka kuanza na pipa la chokaa nyuma ya nyumba, watengeneze ngozi wenyewe. Mimi nasema wasifanye hivyo. Kuondoa manyoya kwa chokaa, kukwangua, kutia dawa na kuosha, kazi hizo hutumia maji mengi na kutoa maji machafu yenye harufu mbaya, na katika plotsi za Ruiru, nyumba ikigusana na nyumba, maji hayo yatakwenda wapi? Mito ya Thika, Chania na Ruiru ndiyo inywayo na watu na mifugo huko chini. Tangu Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999, mtu hana ruhusa ya kumwaga maji ya namna hiyo mtoni, na halmashauri ya NEMA ina uwezo wa kumfungia mtu kazi yake. Kiwanda cha Bulleys kimekuwako Thika kwa miaka mingi, na Leather Industries of Kenya vile vile kilijengwa katika mji huo. Mnunuzi mdogo na anunue ngozi iliyomalizika, achague moja moja kwa mkono wake. Naye aulize imetengenezwa kwa kromu au kwa mwati. Ya kromu ni laini na huwa tayari kwa muda mfupi. Ya mwati huchukua majuma mengi, ni ngumu zaidi, na yafaa sana kwa mikanda na mikoba inayosimama wima. Nyingine si mbaya wala nyingine si nzuri. Bali mtu asimwambie mnunuzi kwamba ngozi yake ni ya maganda ya miti hali ameinunua ya kromu. Siku hizi wako wanunuzi wanaojua kutofautisha kwa kuitazama pembeni ilipokatwa.

Tuje kwa mafundi. Mimi naona mafundi wa mkoba mzuri wa Thika ni wa namna mbili, na ajabu ni kwamba hukaa karibu lakini hawakutani. Wa kwanza ni mafundi wa viatu. Thika ndiko kilikowekwa kituo cha kufundisha na kutengeneza viatu, na wengi waliofunzwa kazi hii hushona viatu vya shule mwezi wa Januari, kisha hukaa bure. Wa pili ni akina mama wasukao viondo, Wakikuyu na Wakamba, kwa katani, na zamani kwa nyuzi za magome ya miti. Katani yenyewe imelimwa upande wa Thika na Makuyu tangu mwanzo wa karne ya 20. Kiondo kilipopendwa na wageni katika miaka ya 1970 na 1980, viwanda vya ng'ambo vikaanza kukiiga kwa mashine, na bei ya mama aliyesuka kwa mkono ikaanguka. Hakuwa na chapa iliyoandikishwa, wala mnunuzi hakuwa na njia ya kujua kilichosukwa Machakos na kile kilichotoka mashineni. Kiondo cha mama akishonewa kitako, mdomo na mikanda ya ngozi na fundi wa viatu, hapo pana kitu ambacho mashine huiiga kwa taabu.

Tena kumbukeni kwamba tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu. Tangu siku ile kila mtu aendaye sokoni hana budi kushika mfuko wa namna nyingine.

Kushona kwenyewe kwataka uvumilivu. Fundi hukata vielelezo vya karatasi ngumu kwanza, huvilaza juu ya ngozi, akavigeuza huku na huku mpaka kovu la kupe liangukie nje au ndani ya mkunjo. Upande wa mbele wa mkoba hukatwa mgongoni mwa ng'ombe, ambako ngozi ni nene na imara. Ngozi ya tumbo hunyumbuka, nayo yafaa kwa mifuko midogo ya ndani. Mikanda ikatwe kwa urefu kufuata uti wa mgongo. Ikikatwa tumboni, baada ya mwezi mkoba ulioning'inia kiunoni utafika magotini. Kisha fundi hutoboa kwa msharasi, akashona kwa uzi mmoja uliotiwa nta na sindano mbili, moja kutoka kila upande, zikipishana katika tundu moja. Mshono wa cherehani ukikatika mahali pamoja hufumuka. Huu wa sindano mbili, kipande kimoja kikikatika vingine hushika. Hii ndiyo sababu ya kweli ya kulipa zaidi kwa kazi ya mkono. Ndani mtu aweza kutia kitambaa cha khanga au kikoi.

Hesabu sasa. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mkoba mmoja unakula futi za mraba 4 za ngozi na nyingine 1 ikapotea katika kukata, na kila futi ni shilingi 200: hizo ni shilingi 1,000. Zipu, bizimu, uzi na kitambaa, 350. Fundi amefanya kazi siku mbili kwa shilingi 1,000 kila siku, 2,000. Kodi ya chumba, taa na matatu, 250. Jumla ni shilingi 3,600. Ukiuza kwa 5,000 hubakiwa na 1,400, na katika hizo hutoka ngozi ya mkoba wa pili, matengenezo, na mikoba isiyonunuliwa. Mwenye duka la Nairobi naye ataongeza zake, na mnunuzi wa mwisho atalipa labda 8,000. Gikomba mkoba wa mitumba hupatikana kwa shilingi mia chache. Basi mtu asijidanganye kwamba atashindana kwa bei.

Hapo ndipo penye hatari. Katika hesabu ile, mwenye kiwanda hatapunguza bei ya ngozi kwa ajili yako, na mwenye duka la zipu hatapunguza bei ya zipu. Tarakimu moja tu ndiyo hutikisika ukiisukuma, nayo ni ujira wa fundi. Wako walioanza kazi za namna hii kwa maneno matamu juu ya mafundi wa asili, wakawapiga picha kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya, na mwisho wa mwezi wakawapa shilingi 300 kwa siku. Fundi si mjinga. Huhama na vielelezo vyako kichwani mpaka Kariokor, soko lile lililochukua jina lake kwa wale wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, akakaa hapo na kuuza mkoba ule ule kwa nusu ya bei yako. Nami sioni kwa nini alaumiwe. Dawa yake ni kuandika mapatano tangu mwanzo: ujira wa kila mkoba, na sehemu ya faida mwisho wa mwaka. Au mafundi wenyewe waungane. Sheria ya vyama vya ushirika yataka watu wasiopungua 10, na chapa ikawa mali ya chama, isiwe ya mtu mmoja.

Kuandikisha jina la biashara ni jambo moja, kuandikisha chapa ni jambo jingine, na watu huyachanganya. Jina la biashara huandikwa kwa njia ya eCitizen. Chapa huandikishwa katika ofisi ya KIPI, Nairobi, nayo hulindwa miaka 10, kisha yaweza kuandikishwa upya. Kabla ya kulipa ada, tafuteni kwanza kama alama ile haijachukuliwa na mwingine. Nakala ya cheti iwekwe mahali pasipovuja mvua, na nyingine apewe mweka hazina.

Anayetaka kuanza asinunue ngozi nyingi. Ngozi mbili zinatosha kwa mikoba ya kwanza. Mmoja asiuuze; autundike mlangoni mwa karakana, autumie kila siku mwaka mzima, katika mvua na vumbi la Thika, apate kuona mwenyewe mshono upi ulioachia kwanza.