Tusiwacheke Watoto Wanaotaka Kusoma Habari za Nyama wa Porini

Maneno ya karani mmoja wa mgodi mbele ya wafanyakazi na wenyeji wa Luhwindja



Mtoto akimwambia baba yake kwamba ataka kusoma chuo kikuu habari za nyama wa porini na namna ya kuwahifadhi, baba hucheka. Husema, "Babu yako aliwajua nyama bila karatasi. Soma udaktari." Sisi makarani pia tulicheka. Leo twataka kuwaeleza kwa nini tumeacha.

Mwaka 1970 serikali iliufanya msitu wa Kahuzi na Biega kuwa mbuga ya taifa, na mwaka 1975 mipaka ikasogezwa hata ikafika kilometa za mraba 6,000. Ndugu zetu Watwa, waliokaa humo tangu zamani, wakaondolewa. Wao waliujua msitu kuliko wote, lakini hawakuulizwa. Mwaka 2024 ndipo ilipotangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kwamba walidhulumiwa.

Tena sikilizeni hesabu hii. Mwaka 1990 gorila wa upande wa milimani walihesabiwa wakawa 258. Mwaka 2000 walibaki kama 130. Katikati palikuwa na vita, na bei ya koltani ilipopanda watu wengi waliingia mbugani kuchimba, wakala nyama waliowakuta. Tusijifiche, ndugu zetu: wale walikuwa watu wa koleo na sululu kama sisi, wakisukumwa na njaa na bunduki.

Je, gorila huhesabiwaje, nao hukimbia watu? Kila jioni gorila hujitengenezea kitanda kipya cha majani na matawi, na mtoto mdogo hulala na mama yake. Msomi hufuata nyayo, huhesabu vitanda, hupima mavi yaliyoachwa, akajua yupi mkubwa na yupi mdogo. Kazi hii yataka daftari safi kama daftari la mishahara: ukikosea mstari mmoja, hesabu yote imeharibika. Tena yamtaka mzee wa msituni atangulie mbele kuonyesha njia. Shahada bila mzee huyo hupotea porini, na mzee bila shahada hasikilizwi mezani.

Elimu yenyewe si ya mbali. Pale Bukavu, Université Officielle hufundisha elimu ya viumbe. Lwiro pana kituo cha uchunguzi tangu siku za Wabelgiji. Huko Tanzania, karibu na Moshi, chuo cha Mweka kimefundisha wahifadhi wa Afrika tangu 1963. Na Mkongo mwenzetu, Augustin Basabose wa Lwiro, aliwafuata sokwe wa Kahuzi, na mwaka 2002 akachapisha habari za vyakula vyao.

Basi ombi letu ni moja. Mtoto wako, wa kiume au wa kike, akiomba elimu hii, usimcheke. Mtilie akiba kidogo kila mwezi. Na mtoto wa Mtwa akiomba, tumchangie sote. Siku mpaka mwingine utakapochorwa katika nchi yetu, awepo mtu wetu mezani, mwenye hesabu yake mkononi, asiyeweza kuambiwa kwamba hajui.