Siri ya Mgonjwa ni Amana

Himdi ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu. Ama baad.

Ndugu Waislamu, katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Saad bin Muadh alipopigwa mshale, Mtume (s.a.w.) aliamuru auguzwe katika hema la Bibi Rufaida, msikitini. Basi uuguzi ni ibada.

Hapa Wingwi sote twajuana. Muuguzi akitoa siri ya mgonjwa barazani, mwengine huona haya kwenda kutibiwa, akayaficha maradhi mpaka yakamzidi. Dhima hiyo ni ya nani? Nasi tusimdodose muuguzi ya wodini, wala tusimtukane kwa uhaba wa dawa asiousababisha.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, na uwalipe wanaowauguza. Amin.