Mitaa Isiyokutana

Kila taarifa ya habari inapotaja upanuzi wa barabara Dar es Salaam, tunahesabu njia: sita, nane. Ni nadra kuuliza kwa nini magari yote yamekimbilia hapo. Jiji hili, lililohesabiwa watu zaidi ya milioni 5.3 mwaka 2022, limetambaa likifuata barabara kuu nne: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Katikati ya barabara hizo watu walinunua mashamba, wakakatiana viwanja, wakajenga. Njia ikawa ni kile kilichobaki baina ya kuta mbili. Ndiyo maana jirani wa nyuma ya ukuta hufikiwa kwa kuzunguka hadi lami, na gari la zimamoto hukwama kona ya kwanza. Kariakoo ina kero zake, tena nyingi, lakini mitaa yake inakatana. Mmoja ukiziba, upo mwingine. Barabara ya Mbezi hadi Tangi Bovu kupitia Goba, inayounganisha Barabara ya Morogoro na ya Bagamoyo, imeonyesha kinachowezekana. Basi kabla ya kuongeza njia ya nane, wapimaji wapelekwe pembezoni mwa Chanika na Chamazi, palipobaki mashamba, wachore mitaa inayoungana na kuiwekea mawe ya mipaka.