Anayebeba Mizigo ya Wengine Naye Asaidiwe
Hotuba kwa wakazi na wahudumu wa jamii, Mulot



Mto Amala hugawa kaunti mbili, lakini taabu za nyumbani haziishii mtoni. Msichana anayekimbia kukeketwa au kuozwa huvuka usiku, na anayepigiwa simu ni mhudumu wa jamii. Humtafutia mtoto mahali pa kulala, huandika ripoti ya mahakama, hukabiliana na jamaa wenye hasira, kisha hurudi nyumbani kulea wanawe. Kesho kuna kesi nyingine.

Mwaka wa 2019, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba msongo wa kazini usiposhughulikiwa kwa muda mrefu, mfanyakazi huishiwa nguvu, huichukia kazi yake na ufanisi wake hushuka. Kwa hivyo mhudumu anayejibu watu kwa ukali huenda si mvivu. Huenda amebeba peke yake kwa muda mrefu.

Msaada wa kwanza ni nyenzo. Septemba 2023, serikali kuu ilipozindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, walipewa mikoba ya vifaa na simu. Posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi hulipwa nusu na serikali kuu, nusu na kaunti. Hata mwenye moyo wa kujitolea huhitaji nauli ya bodaboda.

Msaada wa pili haununuliwi dukani. Ni msimamizi anayeuliza, "Umeamkaje baada ya kesi ya jana?" Ni kikao cha kila wiki cha kujadili kesi ngumu bila lawama. Ni kwenda wawili kwenye boma lenye hatari, na kupumzika baada ya kumzika mtoto aliyekuwa akihudumiwa. Mhudumu mwenye wa kumsikiliza hufuatilia kesi hadi mwisho. Asiye naye hujaza fomu tu, na anayeumia ni mtoto.

Wakazi nao wana sehemu yao. Msimtishe mhudumu, wala msimtaje aliyeripoti. Mtoto akidhulumiwa, pigeni 116. Kwa dhuluma za kijinsia, pigeni 1195. Simu zote mbili ni bila malipo.

Wakuu wa idara, kabla ya kuuliza kesi ngapi zimefungwa, ulizeni waliozifunga wako hali gani.