Avokado Yako Ikiwa Baharini ni Mali ya Nani?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Najua wengine mmeacha ng'ombe wakingoja kukamuliwa, kwa hivyo sitazunguka sana. Leo siongei juu ya mbolea wala dawa. Mambo ya shamba mnayajua kunishinda. Nataka tufuate avokado kuanzia pale lori linapong'oa nanga kwenye kituo cha kukusanyia, mpaka mama wa kule Uholanzi anapoikata mezani kwake. Katika njia hiyo ndimo pesa za mkulima hupotelea, na sisi hubaki tukimlaumu broka peke yake.

Wengi hufikiri kwamba kampuni inayonunua avokado ina lori lake, ghala lake na pengine meli yake. Sivyo. Karibu kila kitu imekodi. Lori ni la mtu. Karatasi za bandarini hushughulikiwa na wakala wa forodha, naye hulipwa kwa kazi yake. Kephis hukagua na kutoa cheti cha afya ya mimea. Kontena lenye friji ni la kampuni ya meli. Mzigo ukifika Rotterdam kuna wa kuupokea, kuna mwenye vyumba vya kuivisha matunda, kama sisi tunavyovumbika ndizi, na kuna wa kuyasambaza madukani.

Hata duka kubwa la kule halitaki kuweka mzigo. Linapiga simu leo, linataka kesho asubuhi liletewe avokado laini, tayari kuliwa, maboksi kadhaa tu. Huo ndio mpango wao wa usambazaji: mtu mwingine akae na mali, na ikioza, imwozee huyo mwingine. Sasa jiulizeni, huyo mwingine ni nani?

Tuangalie kontena kidogo. Mwezi wa Aprili 1956 Mmarekani mwenye malori, Malcom McLean, alipakia makasha 58 kwenye meli kutoka Newark hadi Houston. Kabla ya hapo wapagazi walibeba mzigo kipande kwa kipande. Siku hizi mlango hufungwa kwa lakiri huku kwetu na, ukaguzi usipotokea njiani, hufunguliwa ng'ambo. Kontena moja refu hubeba zaidi ya maboksi elfu tano ya kilo nne nne. Kilichoingia ndicho kitakachofika. Tunda lililochunwa kabla ya kukomaa halitakomaa baharini, litanyauka tu liwe kama mpira. Ndiyo maana Hass ya kwenda ng'ambo hupimwa, na ukavu wa nyama yake lazima ufike asilimia 24. Na tunda moja lililoanza kuiva hutoa hewa inayoamsha majirani zake.

Jambo jingine, na hili mara nyingi hatuambiwi. Friji ya kontena hushikilia baridi, kama nyuzi 5 au 6 hivi. Haikutengenezwa kupoza haraka tunda lililotoka kwenye jua. Kreti zilizokaa kando ya barabara tangu saa nne mpaka saa kumi zikingoja lori zimekwisha kula siku za maisha ya tunda, na siku hizo hazirudi. Wale wa mishiri, yenu huenda kwa ndege na hesabu yake ni nyingine, lakini jua ni lile lile.

Haya, sasa meli. Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia na kuteka meli katika Bahari ya Shamu. Kuanzia Desemba kampuni kubwa za meli ziliacha njia ya Suez zikazunguka Afrika Kusini. Safari ya Ulaya, iliyokuwa kama mwezi mmoja, iliongezeka takriban wiki mbili. Nauli ikapanda. Avokado zikafika zimechoka, nyingine laini tayari. Na kuchelewa kuna ubaya mwingine: Peru, ambayo hupeleka Ulaya mzigo mkubwa kuliko wetu, huvuna sana katikati ya mwaka. Ukikosa wiki yako sokoni, unaingia pamoja naye.

Mtasema, si kuna bima? Ipo, lakini someni. Bima ya kawaida ya mizigo hailipi hasara iliyoletwa na kuchelewa tu, hata kama aliyechelewesha ni vita. Hati ya shehena ya kampuni ya meli nayo kwa kawaida haiahidi siku ya kufika.

Kwa hivyo hasara inateremka ngazi kwa ngazi ikitafuta pa kukaa. Kama mmeuza kwa bei iliyokatwa na mkalipwa, imekaa kwa mnunuzi. Kama mmetoa kwa mali kauli, yaani mtalipwa baada ya kuuzwa huko, inafika hadi kwenye kikapu chako, mama. Hebu tufanye hesabu ya mfano tu. Avokado zimeuzwa Ulaya kwa shilingi 100. Nauli, bandari, kuivisha, ghala na kufunga vimekula 60. Zinabaki 40. Msimu ujao soko limeshuka, zimeuzwa 70. Je, mwenye meli atapunguza? Hapunguzi. Ile 60 iko pale pale. Mnabaki na 10. Bei imeshuka chini ya thuluthi, na ninyi mmepoteza robo tatu ya mapato yenu! Halafu tunashangaa wanachama wanakata miti.

Sisemi mali kauli ni wizi. Soko likiwa zuri hulipa kuliko bei ya shambani, na kuna wanunuzi waaminifu. Lakini kikundi kinachobeba hasara ya njiani kina haki ya kuona njia. Mkataba useme avokado inakuwa mali ya mnunuzi wapi: mizani ya kituoni, mlango wa kiwanda cha kufungia, au bandarini Rotterdam. Useme bei ya chini kabisa ambayo mtalipwa hata meli ikichelewa. Na kwa kuwa ndani ya kontena hutiwa kipimajoto kinachoandika baridi ya kila siku, useme kwamba nakala ya maandishi hayo, pamoja na hesabu ya mauzo na makato yote, italetwa kwa kikundi. Mtu akikwambia zilioza kwa sababu mlichuna vibaya, karatasi hiyo itaonyesha kama friji ilizimika njiani.

Wasipokubali yote matatu, shikilieni la bei ya chini. Mkataba uletwe kikaoni, usomwe kwa sauti na kuelezwa kwa lugha ya nyumbani, kabla mwenyekiti hajashika kalamu.