Osha Miguu Kabla ya Jua Kuzama

KIPINDI CHA AFYA
Mazungumzo kwa wakimbizi na wenyeji
Mada ya leo: miguu, vifundo na majeraha yake

(MUZIKI WA KUFUNGUA. USHUKE TARATIBU.)

Kama mko katika kundi la kusikiliza, sogeeni karibu na redio. Kama unasoma maandishi haya peke yako, soma kwa sauti ili na jirani asikie.

Kabla hatujaanza, nina ombi moja. Vua viatu, utazame miguu yako. Tazama juu, kisha geuza unyayo uutazame. Tenganisha vidole uangalie katikati. Pitisha kidole kuzunguka kifundo, ule mfupa ulioinuka kila upande. Mara ya mwisho ulitazama hivyo lini?

Miguu hiyo ndiyo iliyokufikisha hapa. Wengi wenu mliingia Uganda kwa mpaka wa Mpondwe, karibu na mji wa Bwera, mkitokea upande wa Kasindi, Beni au Butembo. Wengine walipita darajani. Wengine walivuka mto Lhubiriha kwa miguu, mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Na tangu siku hiyo miguu haijapumzika. Foleni ya chakula ni miguu. Maji ni miguu. Kuni ni miguu, shamba ni miguu, soko ni miguu. Mama akiumia mguu, nyumba nzima imeumia, kwa maana nani atachota maji?

Leo tuna mambo matatu: kidonda, kifundo kilichoteguka, na uvimbe wa polepole unaoletwa na udongo. Hilo la tatu ndilo nitakaa nalo zaidi. Limewapata watu wa wilaya ya Kamwenge, ambako ndiko ilipo kambi ya Rwamwanja, na baadhi ya waliovuka hapa Mpondwe walipelekwa huko kuishi na kulima.

(MUZIKI MFUPI)

Tuanze na kidonda.

Umekanyaga msumari, au mwiba, au kibua cha muhindi shambani. Umejikata kwa jembe. Damu kidogo tu. Unafunga kitambaa, unaendelea na kazi. Hapo ndipo shida inapoanza.

Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi, dakika kumi bila kuachia. Ikikoma, osha kwa sabuni na maji safi yanayomiminika. Usiwe na haraka, acha maji yatoe mchanga wote. Kisha kausha na ufunge kwa kitambaa kilichofuliwa na kukaushwa juani. Badilisha kila siku.

Usipake mavi ya ng'ombe. Usipake majivu wala mafuta ya taa. Na ile tabia ya kufungua kapsuli za rangi mbili na kumimina unga wake juu ya kidonda, tuiache. Unga ule unafunika uchafu, hauondoi.

Tundu la msumari au mwiba linahitaji kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama halitoi damu. Sababu ni pepopunda. Watu husema pepopunda inatoka kwenye kutu. Si kweli. Vijidudu vyake vinaishi katika udongo na katika mavi ya wanyama, na vinapenda tundu jembamba lenye kina ambalo maji hayalifikii. Msumari mpya unaong'aa unaweza kuvileta sawa na ule wa kutu. Ugonjwa ukishaanza, taya linakaza, mwili unajipinda, na wengi hufa.

Kinga ni sindano. Akina mama wengi wameipata walipokuwa wajawazito. Sasa nawauliza ninyi akina baba na vijana wa kiume: sindano yenu ya mwisho ya pepopunda ilikuwa lini? Wengi hawajachomwa tangu utotoni, na wengine hata utotoni hawakuchomwa kwa sababu ya vita. Ukienda na jeraha, mwambie mhudumu wazi: sijui kama nimechanjwa. Hilo si aibu. Atajua la kufanya.

Kimbia kituo cha afya pia ukiona mojawapo ya haya: mguu umekuwa wa moto na wekundu unapanda, usaha unatoka, homa imeingia, au mtoki umevimba kwenye kinena. Na wewe mwenye ugonjwa wa sukari usingoje hata dalili hizo. Sukari huua hisia za miguu, na mtu anaweza kutembea siku nzima na jiwe ndani ya kiatu asijue. Tazama miguu kila jioni. Kama huwezi kuinama, mwambie mtoto akutazamie.

Neno moja kuhusu funza. Kumtoa kwa pini ambayo imepita miguuni mwa watu wengine ni kubadilishana damu. Virusi vya ukimwi na homa ya ini vinaweza kupita hapo, na pepopunda pia inapata mlango. Mwone mhudumu wa afya wa kijiji, yule tunayemwita VHT. Nyumbani, nyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia, ikande sakafu nyufa zifungike, na usilale pamoja na mbuzi na kuku.

(MUZIKI MFUPI)

Jambo la pili: kifundo kilichoteguka.

Njia zetu ni za milima na mawe. Mvua ikinyesha zinateleza. Umebeba jerikani ya lita 20, mguu unapinda kwa ndani, unasikia maumivu makali, na baada ya muda mfupi kifundo kimefura kama embe. Je, umevunjika au umeteguka?

Kuna vipimo viwili unavyoweza kufanya mwenyewe. Cha kwanza: jaribu kutembea hatua nne. Hata kwa kuchechemea, hatua nne. Cha pili: bonyeza kwa kidole mfupa wenyewe wa kifundo, kwenye ncha yake na ukingo wake wa nyuma, upande wa ndani na wa nje. Kama huwezi hatua nne, au mfupa wenyewe unauma ukiubonyeza, nenda hospitali upigwe picha. Nenda pia kama mguu umepinda, umekufa ganzi au umekuwa wa baridi. Kwa mtoto tusibahatishe, mifupa yake bado inakua. Akikataa kukanyaga, apelekwe.

Kama umeweza kutembea na mfupa hauumi, huenda ni kuteguka tu. Siku mbili tatu za kwanza fanya hivi. Pumzisha mguu. Weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, dakika kumi na tano hadi ishirini, mara kadhaa kwa siku. Funga kwa bendeji au kipande cha kitenge, kuanzia vidoleni kupanda juu, lakini usikaze sana. Vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, legeza. Ukilala, inua mguu juu ya nguo zilizokunjwa, uwe juu kuliko kifua.

Siku hizo usikande kwa maji ya moto, na usimruhusu mtu auvute na kuukamua mguu. Najua wazee wetu wapo wenye mikono ya kukanda, na tunawaheshimu. Lakini kama kuna mfupa uliopasuka ndani, kuvuta kutauachanisha. Picha kwanza, mikono baadaye.

Maumivu yakipungua, usiendelee kulala. Anza kuuzungusha mguu taratibu. Ukiwa umekaa, andika jina lako hewani kwa kidole gumba cha mguu. Baadaye simama kwa mguu huo mmoja karibu na ukuta, hesabu hadi ishirini, kila siku. Kifundo kilichoteguka mara moja hupenda kuteguka tena, na kusimama huko kwa mguu mmoja kunakifundisha kushika.

(MUZIKI MFUPI)

Sasa tuje kwenye udongo.

Mwaka 2015 wataalamu wa Wizara ya Afya ya Uganda walikwenda wilaya ya Kamwenge. Kulikuwa na wakulima waliovimba miguu kwa miaka mingi, mguu mzito, ngozi nene yenye vinundu. Wengine walidhani ni matende yanayoletwa na mbu. Wengine, kama kawaida, walisema wamelogwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ni ugonjwa unaoitwa podokoniosisi, yaani matende yanayoletwa na udongo.

Ni hivi. Katika nchi za juu zenye mvua nyingi na udongo mwekundu uliotokana na volkano, kuna chembe ndogo sana za mawe ndani ya udongo. Ukikanyaga peku miaka na miaka, chembe hizo zinapenya ngozi ya unyayo. Zinaingia katika mishipa midogo inayorudisha maji ya mwili kutoka mguuni, zinaiwasha na kuiziba. Maji yanakosa njia, mguu unavimba. Daktari Mwingereza Ernest Price ndiye aliyeeleza sana uhusiano huo wa udongo na ugonjwa, akifanya kazi Ethiopia, nchi yenye wagonjwa wengi kuliko zote.

Kwa hiyo elewa mambo mawili. Kwanza, ugonjwa huu hauambukizi. Unaweza kula na mgonjwa sahani moja, kulala naye na kuoana na watoto wake. Pili, haukutumwa na mtu. Mama aliyevimba miguu hakumkosea mtu na hakulogwa. Alilima peku ili watoto wake wale.

Wataalamu wale wa Kamwenge walilinganisha wagonjwa na watu wengine wa huko wasio na ugonjwa. Waliona kwamba wagonjwa walikuwa wakifanya kazi bila viatu, na nyumbani pia walikaa bila viatu. Lakini kuna jambo lingine ambalo nataka ulishike sana. Wagonjwa walikuwa wakichelewa kuosha miguu. Walisubiri mwisho wa siku. Wenzao waliokuwa wazima walikuwa wakiosha mara tu baada ya kazi.

Umesikia hapo? Miguu yote iliguswa na udongo. Tofauti moja ilikuwa ni saa ya kuosha.

Najua utaniambia: viatu ni pesa, na nyumba yetu ina jozi moja ya kandambili kwa watu sita. Ni kweli. Kama unaweza kupata gambuti, hizo ndizo bora kwa shamba. Kama huwezi, vile viatu vya tairi wanavyoviita lugabire ni bora kuliko peku, ingawa udongo unaingia pembeni. Ikiwa kuna jozi moja tu, avae anayekwenda shambani, si anayekwenda kanisani au sokoni. Lakini hata asiye na kiatu kabisa anaweza kuosha.

Beba chupa ya maji na kipande cha sabuni unapokwenda shamba. Ukimaliza kulima, kabla hujaanza njia ya nyumbani, osha miguu. Huhitaji ndoo nzima, mimina kidogo kidogo. Sugua nyayo na katikati ya vidole, kausha kwa kitambaa. Ukifika nyumbani, ngozi iliyopasuka ipake vaselini, kwa maana ufa wa kisigino ni mlango. Na watoto wafundishwe hivyo tangu sasa, maana ugonjwa huu unaanza kujijenga mapema na kuonekana baadaye.

Dalili za mwanzo ni hizi: miguu inawaka au kuwasha baada ya kazi, na inavimba jioni halafu inapungua asubuhi. Mara nyingi ni miguu yote miwili, ingawa mmoja unaweza kuzidi. Ukiona hivyo, nenda kituo cha afya. Katika hatua hiyo uvimbe bado unaweza kurudi nyuma, kwa kuosha, kupaka mafuta, kuvaa viatu na kuinua mguu. Ukichelewa, haurudi wote. Na kama mguu uliovimba umekuwa wa moto ghafla na homa imekuja, hiyo ni dharura, unahitaji dawa.

Nawe uliyevimba tayari na unajificha nyumbani, nakuomba utoke. Kuosha kila siku kunapunguza harufu, vidonda na yale maumivu ya homa. Majirani, msimcheke. Msaidieni kuchota maji ya kuoshea.

(MUZIKI WA KUFUNGA UANZE CHINI)

Ndugu msikilizaji, tukumbuke:
Tundu la msumari ni safari ya kituo cha afya leo, si kesho.
Hatua nne na kubonyeza mfupa vitakuambia kama kifundo kinahitaji picha.
Usivute wala kukamua kifundo kilichoumia.
Osha miguu shambani kwa sabuni mara tu unapomaliza kazi, usingoje usiku.

Maswali ya kundi:
1. Katika kundi letu, nani hajachanjwa pepopunda au hana uhakika?
2. Katika familia zetu, kiatu kizuri anavaa nani, na anakwenda nacho wapi?
3. Je, yupo jirani mwenye miguu iliyovimba ambaye hatujamtembelea? Nani ataenda kwake wiki hii?

Miguu imekubeba mbali. Jioni ya leo, kabla jua halijazama, ishike kwa mikono yako uioshe. Tuonane katika kipindi kijacho.

(MUZIKI WA KUFUNGA UPANDE, KISHA UZIMIKE)