"Bosi Aliniwekea": Kitenzi Kimoja Mbele ya Viza T



Mlitazamia mhadhara wangu wa uprofesa uhusu mnyambuliko wa vitenzi, na kwa kweli nitaanzia kwenye kitenzi kimoja. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifanya ukalimani katika ofisi ya wakili mjini Washington. Aliyeketi kando yangu alikuwa mama wa pwani yetu, ambaye amenipa ruhusa ya kuyasema haya bila jina lake. Alikuwa ametoroka nyumba alimokuwa akifanya kazi za ndani. Wakili akamuuliza paspoti yake ilikuwa wapi muda wote huo. Mama akakunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua, akasema: "Bosi aliniwekea." Nikatafsiri kwamba bosi alimtunzia. Wakili akaandika, akapita kwenye swali lililofuata.

Sarufi yangu ilikuwa sahihi, lakini nilikuwa nimemponza. Kauli ya kutendea hubeba wema na ubaya kwa mkono uleule: tunasema alinipikia, tunasema pia aliniibia. Mimi nilichagua wema. Tulipopumzika kunywa chai ndipo aliponiambia kwamba aliiomba paspoti ile mara 3, na kila mara akajibiwa kwamba akitoka nje polisi watamkamata na kumrudisha kwao kwa aibu. Niliweka kikombe chini, nikamwomba wakili turudi nyuma.

Oktoba 2000 Marekani ilipata sheria ya kuwalinda waathirika wa usafirishaji haramu wa binadamu, ule ambao ndugu zetu wa Kenya huuita ulanguzi. Sheria hiyo ndiyo iliyozaa viza T, ruhusa ya waathirika hao kukaa Marekani, na ndiyo tuliyokuwa tukimwombea yule mama. Sheria inamtambua kuwa mwathirika mtu aliyeletwa, aliyepokelewa au aliyewekwa mahali ili atumikishwe kwa nguvu, kwa ulaghai au kwa shuruti, na vilevile aliyeingizwa katika biashara ya ngono kwa njia hizo. Aliyeingizwa humo akiwa chini ya miaka 18 hahitaji hata kuthibitisha kwamba alishurutishwa. Tena shuruti si lazima iwe kipigo. Kumtisha mtu kwa mkono wa sheria, kumwambia "nitakuitia uhamiaji," nako kunaweza kuwa shuruti. Kwa hiyo yale maneno ya bosi kuhusu polisi, ambayo mama wa watu aliyachukua kuwa onyo juu ya kosa lake mwenyewe, yalikuwa ushahidi dhidi ya bosi.

Naomba tutulie hapo kidogo. Viza hii ina nafasi 5,000 kwa mwaka kwa waathirika wenyewe, mbali na familia zao, na kwa zaidi ya miaka 20 ya mwanzo nafasi hizo hazikujaa hata mara moja. Siamini kwamba walioumizwa walikuwa wachache. Naamini wengi hawalijui jina ambalo sheria inawaita. Muulize dada wa kazi kama alisafirishwa kiharamu, atakwambia hapana, nilikuja kwa ndege, nikagongewa mhuri. Hajui kwamba mhuri haubadilishi kitu, kwa kuwa kosa limo katika kutumikishwa, si katika kuvuka mpaka. Muulize kama alitumikishwa, atakwambia alivumilia tu. Na yule aliyemnyonya anamwita "aliyenileta", neno ambalo kwetu lina deni la shukrani ndani yake.

Wala msidhani haya ni mambo ya majambazi wa vichochoroni. Mwaka 2008 mahakama ya shirikisho mjini Washington iliamuru mwanamke Mtanzania alipwe zaidi ya dola milioni 1, baada ya takriban miaka 4 ya kutumikishwa bila ujira nyumbani kwa ofisa wa ubalozi wetu. Niliposoma hukumu ile niliona haya kama Mtanzania, na bado naona.

Masharti mengine nitayapitia upesi. Mwombaji awe ameitikia maombi yanayofaa ya polisi au waendesha mashtaka, isipokuwa kama alikuwa chini ya miaka 18 au majeraha ya moyo na akili yanamzuia. Aonyeshe kwamba akiondolewa nchini atapata taabu kubwa isiyo ya kawaida. Haihitajiki mkosaji awe amehukumiwa. Barua ya polisi husaidia lakini si sharti. Hapo viza T inaachana na ndugu yake viza U, ya waathirika wa uhalifu wa aina mbalimbali, ambayo bila hati ya vyombo vya dola haiombeki na foleni yake ni ya miaka mingi. Fomu ya viza T, I-914, haina ada. Anayekubaliwa hupewa miaka 4 pamoja na ruhusa ya kufanya kazi, na baada ya miaka 3 ya kukaa mfululizo anaweza kuomba ukaazi wa kudumu.

Sharti linaloniuma ni hili: mwombaji lazima awe yuko Marekani, na awe yuko huko kwa sababu ya madhila yaliyompata. Nimeshawahi kusikia simu zinazopigwa kutoka nyumbani. "Rudi mwanangu, tutakula hata mihogo." Ni upendo mtupu. Lakini akishapanda ndege, mara nyingi mlango ule unafungwa nyuma yake. Wazazi mlioko hapa, kabla hamjasema rudi, ulizeni kwanza: umeonana na wakili?

Na msiogope kwamba atabaki peke yake. Mwenzi wake na watoto wake wanaweza kuombewa. Aliye chini ya miaka 21 anaweza kuwaombea pia wazazi wake, na ndugu zake walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Tena iwapo dalali wa mtaani aliyempeleka anatishia familia kwa sababu binti ametoroka au amesema na polisi, wazazi na wadogo hao wanaweza kuingizwa hata kama mwathirika ni mtu mzima. Vitisho vya dalali visifichwe, basi. Viandikwe, pamoja na tarehe na namba ya simu aliyoitumia.

Yule mama, kabla hajatia sahihi maelezo yake, nilimsomea yote kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika palipoandikwa kwamba bosi alimpa chakula na malazi, akainua mkono.

"Hapo sivyo, mwalimu," akasema. "Chakula sikupewa. Nilikula walichobakiza. Na nililala sakafuni, chumba cha kufulia."

Wakili akafuta, akaandika upya. Mama akauliza kama anaruhusiwa kubadilisha na mengine. Tukaanza tena, ukurasa wa kwanza.